Ushauri: Ziwa Tana na maporomoko ya Tis Abay, au visiwa vya Ziwai na Awash?

Mwana_Kagera
Wakuu, habari za leo. Nimepata safari ya kupitia Ethiopia na nitakuwa na siku nne za kutembea. Nataka kuona vitu viwili: monasteri za visiwani na maporomoko ya maji. Nimebaki na njia mbili. Ya kwanza ni kupanda ndege Addis Ababa hadi Bahir Dar, niingie Ziwa Tana kwa boti, na kesho yake niende Tis Abay, maporomoko ya mto Blue Nile unaotoka ziwani humo. Ya pili ni kukodi gari niende kusini hadi Ziwa Ziwai, kama kilomita 160, kwenye visiwa vyenye makanisa ya kale, halafu nizungukie maporomoko ya Awash. Ipi bora? Nataka kulipia wiki hii.

fundi_ramani
Unaenda mwezi gani? Tis Abay ya Septemba na Tis Abay ya Aprili ni vitu viwili tofauti kabisa. Halafu mko wangapi, na kuna mwanamke kati yenu? Usishangae swali, lina maana yake.

Sauti_ya_Pwani
Hata mimi nilitaka kuuliza hayo. Niongeze la tatu: umefuatilia usalama? Jimbo la Amhara, ambako Bahir Dar ipo, limekuwa na mapigano kati ya jeshi na wapiganaji wa Fano tangu Agosti 2023, na hali ya hatari ilitangazwa mwezi huohuo. Usilipie kitu kabla hujazungumza na mtu aliye Bahir Dar wiki hiyohiyo. Ubalozi nao uwaulize.

Choroa_Mweupe
Tana, bila kusita. Niliishi Bahir Dar miezi saba kikazi. Ziwa liko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna ubaridi mtamu, na utaona wavuvi kwenye tankwa, mitumbwi ya mafunjo. Anzia rasi ya Zege, boti haizidi saa moja. Kule kuna Ura Kidane Mehret, kanisa la mviringo. Ukuta wa chumba cha ndani, ambao kanisa zima linauzunguka, umejaa michoro kuanzia chini hadi juu: Mtakatifu Giyorgis na farasi wake, mashahidi, Bikira Maria. Nilikwenda mara sita na kila mara niliona kitu ambacho sikukiona awali. Ziwai sijawahi kusikia mtu akiisifu hivyo.

MtuWaNaivasha
Hujasikia kwa sababu hujaenda, ndugu yangu. Ziwai ina kisiwa cha Tullu Gudo na kanisa la Maryam Tsion. Wenyeji wanasimulia kwamba malkia Gudit alipoushambulia Aksum, mji mtakatifu wa kale, makasisi walikimbia na Sanduku la Agano wakalificha pale kwa miaka 70. Watu wa visiwani ni Wazay, wana lugha yao wenyewe. Ukifika gatini utakuta viboko na ndege aina ya korongo, na watalii wachache. Mimi napenda mahali ambapo mtu hakukimbilii na bei.

Choroa_Mweupe
Sanduku hilohilo watawa wa Tana Cherkos, ndani ya Ziwa Tana, wanasema lilikaa kwao miaka 800 kabla ya kwenda Aksum.

MtuWaNaivasha
Masimulizi hayo mawili hayapingani, angalia nyakati. La Cherkos ni kabla ya Aksum, la Tullu Gudo ni baadaye sana.

Mwana_Kagera
Asanteni sana. Samahani, nilisahau kueleza. Naenda na mama yangu, ana miaka 64, Mkatoliki wa Bukoba, na safari hii hasa ni yake. Ni mwezi wa tatu kwa sababu ndipo nauli ilipo nafuu.

fundi_ramani
Sasa tunaongea. Kwa mama, monasteri za visiwani za Kebran Gabriel na Daga Estifanos haziwezekani, mwanamke haruhusiwi kukanyaga kisiwa. Daga ndiko wanakohifadhi miili ya wafalme kama Yekuno Amlak, Zara Yaqob na Fasilides, na boti za kawaida huchukua karibu saa tatu kwenda tu. Usimpeleke mama akae kwenye boti akikungoja. Zilizo wazi kwake ni Ura Kidane Mehret na Azwa Maryam huko Zege, Entos Eyesus iliyo jirani na Kebran, na Narga Selassie kwenye kisiwa cha Dek. Hiyo Narga ilijengwa na malkia Mentewab karne ya 18, nadhani mama angeifurahia, ila nayo ni mbali.

Kuhusu mwezi wa tatu: maporomoko usiyategemee. Mvua kubwa huisha Septemba, na hapo ndipo Tis Abay hufikia upana wa mita 400 hivi. Machi ni kiangazi.

Kaka_Mbezi
Maporomoko hayo yamekufa. Bwawa la GERD, lile kubwa la umeme la Ethiopia kwenye mto huohuo, limekula maji yote.

fundi_ramani
Hapana mkuu. GERD liko karibu na mpaka wa Sudan, mamia ya kilomita chini ya maporomoko. Bwawa la chini haliwezi kupunguza maji ya juu. Kinachopunguza ni mambo mengine: kuna kizuizi mto unapotokea ziwani, kuna mitambo ya umeme ya Tis Abay, wa kwanza ni wa 1964, halafu mwaka 2010 ukafunguliwa mtambo wa Tana Beles wa megawati 460, ambao huchukua maji ziwani moja kwa moja na kuyapitisha kwenye handaki hadi mto Beles. Maji hayo hayapiti tena maporomokoni.

Kaka_Mbezi
Nimeelewa, asante kwa kunisahihisha. Lakini bado nasema, kwa nini tusitangaze vya kwetu? Kalambo, mkoani Rukwa, maji yanadondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Tis Abay haifiki hata mita 50.

Sauti_ya_Pwani
Kalambo ni fahari yetu, ila mama wa watu anataka monasteri, na Rukwa hakuna monasteri kisiwani.

Nyota_ya_Jaha
Mimi naomba niseme yaliyonipata Bahir Dar Oktoba 2019, yatamsaidia. Nilimlipa wakala mmoja, jina naliacha, safari ya boti kwenda Zege. Tulizungumza Kiingereza akaniandikia kwenye karatasi "2". Nikaelewa saa nane mchana. Nilipofika gatini nikaambiwa boti iliondoka asubuhi saa mbili, na pesa hairudi. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi Waswahili, jua likichomoza wanaanza moja! Laiti tungeongea kwa vidole na kuoneshana jua, tungeelewana. Nilibembeleza hadi wakanipakia boti nyingine ya saa nane. Mchana upepo wa ziwa ulikuwa umeamka, mawimbi yakawa yanaingia ndani, na katikati ya maji mashine ikazima. Tulielea karibu saa nzima. Maboya yalikuwa matatu, sisi tuko tisa. Kulikuwa na mama mmoja mjamzito, tukampa la kwanza bila kujadiliana. Mwenye boti alikuwa kijana mdogo, mikono inatetemeka, akafungua plagi, akaifuta kwa shati lake, akarudisha, mara ya nne ikawaka. Tulifika Zege kanisa linafungwa. Kasisi mzee alituona tulivyolowa, akafungua mlango mmoja, akatuacha tusimame mbele ya michoro dakika chache huku jua linazama. Sijawahi kusahau ule ukimya.

Kwa hiyo: toka asubuhi, hesabu maboya kabla hujapanda, na kila saa unayotajiwa uliza ni ya Kihabeshi au ya Kizungu.

Mwana_Kagera
Pole sana dada. Mama aliwahi kupata dhoruba kati ya Bukoba na Mwanza, hili la maboya nitalisimamia mwenyewe.

MtuWaNaivasha
Pole dada. Mimi bado nasema Ziwai.

fundi_ramani
Na Awash je? Mwishoni mwa 2024 hadi Januari 2025 eneo la mlima Fantale na Awash lilitikiswa na matetemeko mfululizo, watu wengi wakahamishwa. Hilo nalo aliulizie. Isitoshe Awash iko mashariki na Ziwai kusini, kuziunganisha ni siku nzima barabarani na mzee.

Sauti_ya_Pwani
Mimi kinachonikera ni hiki cha wanawake kuzuiwa. Mama anasafiri nchi mbili ili asali, anaambiwa akae botini?

Choroa_Mweupe
Nakuelewa, lakini wale ni watawa waliokula kiapo cha kujitenga, na wanazuia hata wanyama jike. Si dharau kwa mama. Zege atapokewa vizuri. Achukue kanga au mtandio wa kufunika kichwa, na viatu vya kuvua upesi. Machi huangukia kwenye mfungo wao mkuu wa siku 55, hakuna nyama, maziwa wala mayai, na ibada ni ndefu. Mtu aliye kwenye Kwaresima atajisikia yuko nyumbani.

Bi_Kamachumu
Mwambie mama pia kwamba Zege yote ni msitu wa kahawa. Watawa wanasimulia kwamba mwanzilishi wao, Abune Betre Maryam, ndiye aliyeipata kahawa kwa baraka, na kwa desturi hawalimi kwa jembe la ng'ombe ili msitu usife. Mimi ni Mhaya, nilipoona mibuni imesimama chini ya miti mikubwa hadi mlangoni kwa kanisa nilitokwa na machozi, nilimkumbuka bibi na kahawa yake ya kutafuna.

Mwana_Kagera
Bi Kamachumu, nimemsomea mama ujumbe wako. Ameuliza kama wenzetu nao wanaitafuna.

Bi_Kamachumu
Hawatafuni, wanakaanga mbele yako, wanatwanga, wanachemsha kwenye jebena, chungu chao cha kahawa, na kumimina vikombe mara tatu. Lakini apeleke za kwetu kidogo zilizofungwa vizuri, awaonjeshe.

fundi_ramani
Mwana_Kagera, tarehe za kuondoka ni zipi hasa? Na Septemba haiwezekani kabisa?

Mwana_Kagera
Naongea na kazini leo jioni kuhusu Septemba. Tiketi bado sijakata. Kuna aliyetoka Bahir Dar mwezi huu aniambie hali ilivyo?