Mafunzo ya uongozi kwa mjumbe mpya wa bodi ya AMCOS (chama cha ushirika cha kuuza mazao ya wakulima)

Mjumbe mpya, Newala:
Ndugu zangu, nimechaguliwa kuingia bodi ya chama chetu cha msingi cha korosho. Katika kikao cha kwanza tulitumia saa tatu kujadili kamba za kushonea magunia, huku taarifa ya mkaguzi ikiwa mezani ndani ya bahasha isiyofunguliwa. Nahitaji mafunzo ya utawala bora, nianzie wapi?

Mstaafu wa ushirika, Masasi:
Hongera, mwanangu. Soma kwanza Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 na masharti ya chama chenu, kisha umwone Afisa Ushirika wa wilaya. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi nacho hufundisha mambo haya. Jambo kubwa la kujifunza ni mpaka uliopo kati ya bodi, inayoweka sera na kuhoji, na meneja, anayetekeleza.

Mhasibu, Lindi:
Naongeza usomaji wa hesabu, kwa kuwa mjumbe asiyeweza kulinganisha kilo zilizopokelewa, stakabadhi za ghala (hati za mzigo uliopokelewa ghalani) na malipo ya wakulima atasaini chochote atakacholetewa. Tena mafunzo yasiwe ya mwenyekiti peke yake.

Mjumbe mpya, Newala:
Ahsante, Mzee wangu, nawe Mhasibu. Kikao kijacho nitaomba bahasha ile ifunguliwe kwanza.