Naomba ushauri, nimepewa madogo niwafundishe mazoezi ya nguvu

Wakuu habari zenu, nimepewa kundi la madogo wa miaka 12 hadi 15 niwafundishe mazoezi ya nguvu na ndo mara yangu ya kwanza kuwa kocha. Nimeanza na skwati na pushapu bila uzito, nataka mkao ukae sawa kwanza, seti 2 za marudio 10 basi, mara 2 kwa wiki. Shida wenyewe wanataka chuma tu, ukigeuka kidogo mmoja kashanyanyua mgongo umepinda kama upinde, halafu kuna mzazi ananiambia chuma kinadumaza mtoto (hakidumazi kama kuna usimamizi, ila nenda kamwambie). Sasa mliozoea hii kazi, mnajuaje dogo yuko tayari kuongezewa uzito, na mnafanyaje wasiboreke?