Printa kubwa ya picha inchi 24, nani anaitumia huku Mtwara/Lindi?

StudioShangani: Habari zenu wakuu. Napiga picha za harusi na mahafali hapa Mtwara mjini. Nikipata oda ya picha ya ukutani, A2 au A1 (A1 ni mara mbili ya A2), natuma faili Dar, wanaprinti kule inakuja kwa basi, kuna siku inafika kona imekunjika na bwana harusi ananuna na ana haki yake. Sasa kuna jamaa Dar anauza printa ya inchi 24 ya mtumba, wino wa pigimenti (wa chembe za rangi), anasema nzima ila imekaa miezi 5 haijawashwa. Hela nimeanza kuitunza tangu msimu wa korosho. Naogopa unyevu wa bahari na umeme wetu huu. Waliotumia nipeni ukweli.

MamaFremu_Lindi: Mdogo wangu, hiyo miezi 5 ndo ya kuogopa kuliko bahari. Mimi ninayo ya inchi 24 hapa Lindi, mwaka jana nilifunga duka Ramadhani nzima, narudi nawasha, nozo cheki (printi ya kupima vitundu vya wino) inatoka na mapengo, sayani, yaani ile bluu, nusu haipo, nikaosha hedi (kichwa kinachotema wino) mara 6 mpaka ikakaa sawa. Na kila ukiosha, wino mzuri unamwagika kwenye tenki la uchafu, tenki likijaa nalo unanunua. Siku hizi hata kama sina oda naprinti picha ndogo kila baada ya siku 2 au 3. Halafu muulize hedi ni ya aina gani. Za piezo (zinasukuma wino bila joto) kama za Epson zinatengenezwa kudumu na printa, kubadilisha ni kazi ya fundi na bei yake utalia, Canon imagePROGRAF unachomoa mwenyewe unaweka mpya.

Fundi_Mikindani: Mama kamaliza, naongezea umeme. Ukikatika katikati ya kuprinti hedi inabaki njiani, haijarudi kwenye kifuniko chake, na hapo wino unakaukia kwenye nozo, ukikaa giza saa 6 umeumia. Nunua UPS (betri ya akiba) inayoibeba, hata dakika 10 zinatosha picha iishe na hedi irudi. Unyevu wenyewe hauzibi nozo, unaharibu karatasi! Inavimba, inafanya mawimbi, hedi inasugua unapata mistari ya wino pembeni. Ukimaliza kazi toa roli ya karatasi, rudisha kwenye mfuko wake ufunge. Na Januari mpaka Aprili mvua zikikolea usiweke picha kwenye fremu siku hiyohiyo, iache ikauke mpaka kesho, la sivyo kioo kinafanya ukungu kwa ndani.

Masasi_Foto: Mi naona kama oda zako nyingi ni A2 chukua ndogo ya inchi 17. Natumia Canon PRO-1000, katriji 12 za mililita 80, haili roli, karatasi mojamoja tu, ila kwa harusi inanitosha.

StudioShangani: Asanteni sana, dada wa Lindi umeniokoa. A1 ninazo 2 au 3 kwa mwezi ndo maana nang'ang'ania 24. Nikifika kwa jamaa nipime nini?

MamaFremu_Lindi: Nozo cheki kwanza, kila mstari uwe mzima. Halafu printi karatasi nzima imejaa rangi tupu, kisha nozo cheki tena, maana kuna zinazoanza vizuri zikishabanwa na kazi wino haufiki. Na nenda na karatasi yako mwenyewe, usikubali kuambiwa karatasi zimeisha.