Tupeane uzoefu: umewahi kutembea ukahisi ardhi inakukimbia?

Hatua_Moja: Wakuu, jana usiku nateremka ngazi, taa ikazimika nikiwa katikati. Nikajua nimefika chini, kumbe bado ngazi moja. Mguu ukatua hewani. Sikuanguka, ila moyo ulinienda mbio hadi nikakaa chini. Siku zote ni nini kinatushikilia? Nani yamemkuta?

Mzururaji: Ile ngazi ya mwisho! Mimi ilinitegua kifundo cha mguu.

Baba_Wawili: Yangu ilianzia kitandani. Alfajiri nimejigeuza kulia, chumba kikazunguka kama pia. Nikainuka niende chooni, hatua ya tatu nikavutwa ukutani kama nimesukumwa. Nikaanza kutambaa. Mke wangu alinikuta sakafuni nimekumbatia mguu wa kitanda, natapika. Nikamwambia aniitie watoto, maana nilijua ni kiharusi na nilitaka kuwaaga.

Hospitali daktari akanilaza ghafla, kichwa kikining'inia, akayatazama macho yangu. Yalikuwa yanachezacheza yenyewe. Akasema ndani ya sikio kuna vichembe vya chokaa vinavyopima kichwa kimeinama vipi, na vyangu vimechomoka vikaingia kwenye mfereji usio wao. Kila sikio lina mifereji mitatu yenye majimaji, kazi yake kuhisi kichwa kinavyogeuka. Akanigeuza kichwa taratibu, pozi moja baada ya jingine, kwa njia ya daktari Mmarekani John Epley. Nikatoka natembea mwenyewe. Niliwaaga wanangu kwa sababu ya vichembe!

Kipimo: Hiyo presha tu mkuu.

Mzururaji: Presha gani inakuja ukigeukia upande mmoja? Soma alichoandika.

Kipimo: Mimi nikisimama ghafla naona giza, na nilipimwa, presha inashuka. Msiseme haipo.

Mzururaji: Hakuna aliyesema haipo. Kuona giza na nyumba kuzunguka ni vitu viwili.

Binti_wa_Mama: Msisahau nyayo. Mama ana kisukari, miguu imekufa ganzi. Mchana anatembea vizuri, macho chini. Akiwa bafuni akifumba macho kwa ajili ya sabuni, anapepesuka. Muuguzi alimsimamisha miguu pamoja, akamwambia afumbe macho; palepale akaanza kuyumba, tukamdaka. Macho ndiyo yalikuwa yanafanya kazi ya miguu, na sisi nyumbani tulikuwa tunamzimia taa usiku. Inaniuma mpaka leo. Sasa taa inawaka hadi asubuhi, na bafuni tumefunga vyuma vya kushikilia.

Hatua_Moja: Kumbe ndiyo maana giza lilinimaliza.

Mnyoosha_Viungo: Zoezeni kusimama kwa mguu mmoja mkipiga mswaki. Ukitembea mwendo wa kawaida, karibu asilimia 80 ya muda uko juu ya mguu mmoja tu.

Binti_wa_Mama: Usimwambie mzee hivyo kwenye sakafu yenye maji!

Mnyoosha_Viungo: Kweli, dada. Ashike sinki, na mtu awe karibu.

Kipimo: Kizunguzungu kikija lala, usijitikise.

Baba_Wawili: Mimi niliambiwa kinyume: kikipoa inuka utembee, ubongo uzoee.

Mzururaji: Lakini mdomo ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu au ulimi ukiwa mzito, msibishane hapa. Hospitali hapo hapo.

Hatua_Moja: Baba_Wawili, vilirudi tena?

Baba_Wawili: Mara moja, baada ya miezi minane. Nilikaa kitandani nikashika godoro mpaka kikapita, kulipokucha nikarudi kwa daktari yule yule.