Kasida niliyoitunga kwa thawabu sasa ina mwenyewe mwengine: je, ninayo haki ya kuidai?

Maalim_Wete:
Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba mawazo yenu katika jambo ambalo limenikosesha raha tangu Ramadhani. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Wete, Pemba, na mwaka 2016 niliwatungia mabinti wetu kasida ya beti nane kwa ajili ya maulidi ya mfunguo sita. Sikulipwa wala sikutaka kulipwa. Kila aliyekuja na daftari lake alinakili, kuanzia Konde hadi Mkoani, nami nilifurahi, kwani shekhe aliyenisomesha alikuwa akitukumbusha kuwa ilimu haiuzwi.

Mwaka huu kundi moja la mjini Unguja limeirikodi studio kwa ala nzuri na kuitia YouTube, na chini yake wameandika kuwa wao ndio watunzi. Hilo ningeliweza kulimeza. Lakini wanafunzi wetu walipoweka video ya maulidi yetu wenyewe, ilikuja taarifa kwamba kasida hiyo ina mmiliki mwengine, na kwamba mapato ya matangazo, yakipatikana, yatakwenda kwake. Binti mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "Maalim, kumbe si yako?" Nilikosa jawabu.

Sitaki fedha. Suala langu ni hili: kitu nilichokitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, naweza kurudi leo nikasema ni changu bila ya kuharibu nia niliyokitolea?

Wakili wa Vuga:
Wa alaykum salaam Maalim. Suala la nia nitawaachia wenye ilimu yake. Mimi nitasema la sheria, kwa sababu naona umechanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha.

Kwanza elewa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano. Tanzania Bara wana sheria yao ya mwaka 1999, na sisi tunayo yetu, Sheria Namba 14 ya mwaka 2003, ambayo chini yake ipo COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Pia Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne, ule mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, na mkataba huo unakataza kuifanya haki ya mtunzi itegemee kuandikishwa mahali. Kasida ilikuwa yako tangu ulipoiandika katika daftari, hata kama hukumwambia mtu yeyote. Kuandikisha COSOZA kunakusaidia katika ushahidi tu.

Sasa, haki ya mtunzi ina pande mbili. Upo upande wa kiuchumi, yaani kuuza, kukodisha, kuruhusu watu wanakili, na upande huu ndio ulioufungulia mlango kwa hiari yako. Upo pia upande wa kimaadili, yaani kutajwa kuwa wewe ndiye mtunzi na kazi yako kutoharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Upande huu wa pili umo katika kifungu cha 6 bis cha Mkataba wa Berne, kilichoongezwa Roma mwaka 1928, nacho kinasema wazi kwamba unabaki na mtunzi hata baada ya kuutoa ule wa kwanza. Kwa hiyo uliporuhusu watu waiimbe bure, hukumruhusu mtu aseme kaitunga yeye.

Ama ile taarifa, isikutishe. Chombo cha YouTube hakijui nani katunga nini. Kinalinganisha sauti na faili lililowekwa na anayedai, basi. Wanafunzi wako wanaweza kupinga, na mdai hupewa siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linaanguka. Tahadhari moja tu: lile kundi lina hakishiriki, yaani haki ya mwimbaji na mrikodi, juu ya sauti walizozirikodi wenyewe, kwa hiyo msije mkachukua rikodi yao mkaiweka kwenu kwa hoja kwamba maneno ni yenu.

Ustadhi Kikwajuni:
Nashukuru kwa maelezo ya wakili. Maalim, wasiwasi wako una asili katika fiqhi, usione haya nao. Wapo wanavyuoni waliokataa kabisa mtu kumiliki maandishi ya ilimu, wakihofia kuwa mlango huo utafika kwenye kuificha ilimu na kuifanya biashara. Lakini sisi ni Mashafii, na katika madhehebu yetu, tafauti na walivyosema Mahanafi wa kale, manfaa ni mali hata kama hayashikiki kwa mkono. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanavyuoni wa nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Disemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinahifadhiwa kisheria na haijuzu kuzivamia.

Mimi jambo lako nalifananisha na wakfu, ingawa najua wakfu wenyewe una masharti yake. Mtu amechimba kisima akakiweka wakfu kwa wapita njia. Akaja mwengine akakitia uzio na kufuli, kisha akamzuia hata yule aliyekichimba asiteke maji. Je, aliyechimba akisema, "Fungua, hiki nilikichimba mimi nikakitoa kwa watu wote," thawabu zake zitakuwa zimepungua? Naona kunyamaza hapa ndiko kunakokaribia zaidi kuivunja ile nia, kwa sababu ulikitoa kwa wote na sasa kimekuwa cha mmoja.

Fidla_Malindi:
Samahanini kwa kuingia na neno chungu. Nimepiga fidla kwenye taarabu miaka mingi, na katika mazungumzo haya yote sijasikia mtu aliyemuuliza Maalim kuhusu mahadhi. Maneno ni yako, sawa. Mahadhi je? Kasida nyingi tunazoziimba harusini na katika maulidi zimevalishwa mahadhi ya nyimbo za Misri au za filamu za Kihindi, na sijaona hata siku moja mtu akiandika barua Cairo au Bombay kuomba ruhusa. Barzanji yenyewe, ile tunayoisoma katika maulidi, haina tatizo, kwani mtunzi wake alifariki karne ya 18. Lakini nyimbo ya juzi ya redioni ina mwenyewe.

La pili. Watunzi wetu wa zamani walikuwa na hakimiliki yao kabla ya hii ya Berne. Mwisho wa utenzi mtunzi hutaja jina lake, mara nyengine na tarehe na idadi ya beti, ili anayenakili asipunguze wala asijisingizie. Wewe uliweka jina lako mule?

Maalim_Wete:
Ahsanteni nyote. Ndugu wa Malindi, umenipiga pale pale. Mahadhi si yangu. Ni ya nyimbo ya Kimisri niliyoisikia redioni utotoni, na mpaka leo simjui aliyeitunga. Kwa hiyo nitakachodai ni maneno ya beti nane tu, na katika kupinga lile dai wanafunzi wataandika hivyo hivyo, kwamba maneno ni yetu na mahadhi ni ya wengine.

Kuhusu jina, suala lako limenirudisha kwenye daftari. Ubeti wa nane nilijitaja, nikataja Wete na mwaka 1438 Hijria, nikaomba msikilizaji aniombee dua. Nikaifungua tena ile rikodi ya mjini nikaisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwa hasira sikuwahi kulifanya. Wameimba beti saba. Baada ya wa saba zinaingia dufu, halafu wanamaliza kwa salamu za Mtume.

Jana usiku nimewaandikia barua. Sikutaja mahakama wala fedha. Nimewaomba waondoe dai lao, waandike mtunzi ni nani, na wakirikodi tena wauimbe ubeti wa nane, kwani ile dua ndiyo ujira pekee niliouomba. Picha ya ukurasa wa daftari nimeiambatisha.

Wakili wa Vuga:
Maalim, weka nakala ya barua na uandike tarehe uliyoituma. Wasipojibu, daftari hilo usilipeleke COSOZA kwa mkono wa mtu. Nenda nalo mwenyewe, na urudi nalo.