Nastaafu Juni, mkopo wa nyumba bado milioni 20: nimalize, niuhamishe au niendelee?

MtumishiMoshi: Wakuu, habari za jioni. Juni natimiza miaka 60. Nyumba iko Soweto, Moshi, na hati iko benki. Salio ni milioni 20, riba 17% inayopungua kadiri salio linavyoshuka, imebaki miaka 5, rejesho 497,000 kwa mwezi. Mkupuo wa mafao (pesa ya kustaafu inayolipwa mara moja) utakuwa kama milioni 45, pensheni ya mwezi 450,000. Benki nyingine inanipa 15% kwa miaka 10. Kuna jamaa anashauri mkupuo niuweke kwenye hati fungani (kuikopesha serikali kwa riba), mkopo niendelee nao taratibu. Mnaonaje?

Hesabu_Kwanza: Shikamoo mzee. Rejesho linazidi pensheni, kwa hiyo kuendelea hivyo hivyo sahau.

Hiyo ofa ya 15% inavutia kwa sababu rejesho linashuka hadi kama 323,000. Lakini zidisha kwa miezi 120: unalipa milioni 38.7, yaani riba peke yake milioni 18.7. Ukibaki ulipo, riba iliyobaki ni milioni 9.8. Kinachokuumiza hapo ni muda. Hata ukiomba 15% kwa miaka 5 ile ile, unaokoa kama 21,000 kwa mwezi, jumla milioni 1.27 hivi, na bado hujalipa mthamini, mwanasheria, ada ya mkopo mpya na usajili wa rehani. Kinachobaki ni cha kununulia sukari.

Hati fungani za serikali ni nzuri, ila hulipa riba kila miezi sita wakati benki inadai kila mwezi. Na zikikupa 12% huku unadaiwa 17%, unapoteza 5% kila mwaka kwa hiari yako.

Mama_Njiro: Naongezea la umri. Kabla ya kufikiria kuhama, uliza benki mpya ukomo wa umri wa mkopaji na gharama ya bima ya maisha ya mkopo (inayolipa deni ukifariki). Baada ya miaka 60 bima hupanda, na baadhi ya kampuni za bima hazikubali kabisa. Rehani mpya juu ya nyumba ya ndoa inahitaji pia ridhaa ya mwenzi wako kwa maandishi.

Jambo jingine linalowanasa wengi: kama rejesho lilikuwa likikatwa kwenye mshahara, makato yanakoma mshahara unapokoma, lakini deni haliko likizo. Mafao yakichelewa, faini inaanza kuhesabiwa. Weka marejesho matatu pembeni kabla ya Juni.

MtumishiMoshi: Asanteni sana. Nikimaliza lote nabaki na milioni 25. Si nitakuwa mtupu likitokea la hospitali?

Hesabu_Kwanza: Mzee, milioni 25 si utupu. Lakini kama unakosa usingizi, kuna njia ya kati: lipa milioni 12 kwa mkupuo, uombe benki ipange upya salio la milioni 8 kwa miezi 60 ile ile. Rejesho linashuka hadi kama 199,000. Andika barua ukisema wazi kwamba pesa hiyo ni ya kupunguza mtaji, yaani deni lenyewe bila riba. Usipoandika, wanaweza kuihesabu kama marejesho ya mbele na riba isiguswe. Mimi ningemaliza lote.

Mama_Njiro: Ukimaliza, usiondoke na risiti tu. Kabla ya kulipa, omba kwa maandishi kiasi cha kufunga mkopo kwa tarehe unayotaja, maana riba huongezeka kila siku, na uangalie kama mkataba una ada ya kulipa mapema. Ukishalipa, dai barua ya kumaliza deni, hati yako halisi, na fomu ya kuondoa rehani iliyosainiwa na benki, kisha uipeleke mwenyewe kwa Msajili wa Hati. Wengi huishia kwenye barua. Miaka baadaye familia ikitaka kuuza au kugawana mirathi, daftari la Msajili bado linaonyesha nyumba iko chini ya rehani. Kama bima ilikatwa mbele kwa miaka yote, uliza pia kama kipande ambacho hakijatumika kinarudishwa.