ATP inavuta au inaachisha? Samaki aliyekakamaa kanichanganya

Mwalimu_Chumbageni: Wakuu, kidato cha tano wamenibana. Nimewaambia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ndiyo inayokaza misuli. Mmoja akauliza: mbona samaki changu wa soko la Deep Sea hapa Tanga akifa anakakamaa kama ubao, na ATP yake imeshakwisha? Si angelegea? Naomba na hatua zenyewe, kitabuni kuna mchoro mmoja tu.

Pongwe_Maabara: Huyo mtoto ana akili. ATP kazi yake ya kwanza ni kuachisha. Anzia pale kichwa cha maiosini, protini ya misuli inayovuta, kimeng'ang'ania uzi wa aktini, protini inayovutwa. ATP ikiingia kwenye mfuko wake, ufa ulioshika aktini unafunguka, kichwa kinabanduka. ATP ikikatwa kuwa ADP na fosfati, wenzo wa shingo unarudi nyuma na kutegwa. Vipande vyote viwili bado vimo ndani. Kichwa kinashika aktini tena, fosfati inatoka, na hapo ndipo wenzo unafyatuka. Badiliko dogo sana mfukoni linakuzwa na wenzo kuwa nanomita 5 hadi 10, kwa nguvu ya pikonyutoni (sehemu ya trilioni ya nyutoni) chache. ADP inatoka, kichwa kinabaki kimeganda mpaka ATP nyingine ije. Kwa maiti haiji.

Wengi huchora mvuto pale ATP inapokatwa. Wakate maksi.

Mvuvi_Msomi: Na kalsiamu msiisahau. Samaki akifa inavuja, inasogeza tropomaiosini, protini inayofunika aktini, nayo aktini inabaki wazi. Aliyehangaika sana wavuni kamaliza ATP mapema, hukakamaa upesi. Ukimkunjua kwa nguvu wakati huo minofu inachanika. Akilegea baadaye si kwamba ATP imerudi: vimeng'enya vimekata protini zinazoshikilia nyuzi.

Mwalimu_Chumbageni: Ahsanteni sana. Na kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli, ni hivyo hivyo?

Pongwe_Maabara: La, usitumie mchoro huo huo, mwalimu. Kinesini, iliyogunduliwa 1985 kwenye neva za ngisi, ina vichwa viwili vinavyopokezana juu ya mikrotubuli, mirija myembamba ya seli: nanomita 8 kila hatua, ATP moja. Kwake ATP ikiingia kichwa cha mbele haikiachishi. Utepe wa shingo unajilaza juu ya kichwa hicho na kumrusha mwenzake wa nyuma aende mbele. Mzigo ukifika pikonyutoni 6 hivi, inakwama. Wape hesabu: 6 × 8 ni pikonyutoni-nanomita 48 za kazi, na ATP moja ndani ya seli hutoa kama 80 hadi 100 kwa kipimo hicho hicho. Watafute 48 ni asilimia ngapi ya hiyo.